Maneno Aliyoyameza Laila

Aliyeuliza swali alikuwa Somoe, mama yake mdogo, na hapo ndipo Laila aliposhindwa. Lau angeuliza mtu mwingine yeyote katika umati ule, huenda ulimi wake ungefanya kazi ulioajiriwa kuifanya.

Huo ulikuwa mkutano wa tatu wa mradi wa gesi hapo Mkunguni, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Palma. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini miaka mitano nyuma, na tangu hapo wageni hawakukatika: wapima ardhi, wapiga picha, wahesabu wa minazi. Sasa ilikwisha kujulikana kuwa Mkunguni itahama. Watu watajengewa nyumba za matofali huko bara, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mahali pao patajengwa mitambo. Siku hiyo walikusanyika kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai la buluu lililokuja na magari ya mradi. Wanaume walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma kwenye mikeka.

Laila alisimama mbele, kipaza sauti mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mke wa Chamsudine fundi wa pikipiki, na katika wanawake wote wa Mkunguni ni yeye peke yake aliyefika darasa la kumi na mbili, huko Mocímboa da Praia. Mradi ulimwajiri awe mkalimani. Anachosema Tomás, ofisa wao kutoka Maputo, akitoe kwa Kiswahili. Wanachosema watu, akirudishe kwa Kireno.

Somoe aliinuka mikekani, akakaza kanga kiunoni. Uso wake ulikuwa mweupe kwa msiro, unga wa mti wa kujipaka, kama wafanyavyo wanawake wa huku wanapotaka kupendeza.

"Mimi swali langu ni dogo," alisema. "Mashua zimeandikwa. Nyavu zimeandikwa. Minazi imeandikwa mpaka ile iliyokwisha kufa. Sisi wanawake hatuna mashua wala nyavu. Riziki yetu iko pale mwambani maji yanapotoka, pweza na kombe na chaza. Mbona hatukuandikwa? Na tukihamia huko bara, mwambani tutafikaje?"

"Waambie!" wanawake wakaitikia.

Laila akalipeleka swali kwa Kireno, halikupungua hata neno. Tomás alifunua karatasi zake, akasoma kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Alisema uokotaji wa wanawake hauhesabiwi kuwa uvuvi, kwa hiyo hauna fidia. Alisema ufuko wote utazungushiwa uzio, na mwambani hapatafikika tena. Wenye mashua wametafutiwa bandari nyingine. Kwa wanawake hakuna kilichopangwa.

"Não entra," alimaliza. Haimo.

Laila akainua kipaza sauti. Akamwona Somoe amesimama vilevile, hajakaa, anamtazama. Mwanamke huyo ndiye aliyemchukua Laila, mtoto wa miaka sita, mama yake alipofariki. Pweza wa Somoe waliokaushwa kwenye kamba na kubebwa kichwani hadi Palma ndio waliomlipia shule, daftari na chumba cha kulala Mocímboa. Kila neno la Kireno lililokuwa kinywani mwa Laila lilitoka kwenye mwamba ule. Na sasa mwanamke huyo alikuwa akimtazama kwa fahari isiyofichika, kana kwamba anawaambia wenzake: huyo ni wangu.

"Anasema," Laila alianza, "anasema jambo la akina mama wamelisikia. Litaangaliwa."

Vigelegele vikapasuka nyuma. Somoe akakaa akitabasamu.

Hakuna aliyemlazimisha. Hili Laila alilijua tangu pale pale, na baadaye, kila alipojaribu kumtafuta mtu wa kumbebesha lawama, alirudi mikono mitupu. Tomás hakumkonyeza. Dauto, kiongozi wa kijiji, hakumnong'oneza kitu. Ilikuwa ni yeye tu, na uso wa mtu aliyempenda, na uoga wa kuuona uso ule ukibadilika.

Mwisho wa mkutano ililetwa acta, karatasi ya Kireno yenye yote yaliyozungumzwa. Dauto akatia sahihi, wazee wakatia sahihi, wanawake wakapanga foleni kuweka dole gumba kwenye wino. Chini kabisa palikuwa na mstari wa mkalimani: nathibitisha kwamba yote yaliyosemwa yametafsiriwa kwa ukamilifu na kwa uaminifu. Laila aliusoma mara mbili. Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, ule wa shuleni.

Garini, wakimrudisha nyumbani, Tomás alimgeukia. "Jibu langu lilikuwa refu," alisema, "na lako lilikuwa fupi. Kisha watu wakashangilia." Akacheka kidogo. "Sikuulizi ulisema nini. Una kipaji cha kutuliza watu. Wenzako huko vijiji vingine hawanacho."

Laila akageuza uso dirishani. Alikuwa akidhani aibu ni kitu kinachompata mtu anapotukanwa. Hakujua kwamba mtu anaweza kusifiwa nayo.

*

Jioni ile Somoe alikuja na bakuli lililofunikwa sinia. Ndani mlikuwa na pweza wa nazi.

"Chakula cha mkalimani wetu," alisema. "Wenzangu wamenituma. Wamesema, leo kwa mara ya kwanza wageni wamejibu swali la mwanamke."

Chamsudine alikula mpaka akalamba vidole. Laila alisema tumbo linamsumbua. Somoe akamshika paji la uso, akauliza kama ni mimba, akacheka, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku. Akienda kisimani, wanawake walimpisha mbele. Bibi Nuro, kizee cha mtaa wa juu ambaye hakuwa na kawaida ya kumsifu mtu, alimwombea dua hadharani, akasema Mungu ampe Laila watoto wenye ulimi kama wake. Laila akaitikia "amin" huku ameinamisha kichwa, na watu wakadhani ni adabu. Akaanza kwenda kisimani saa za jua kali, wakati hakuna mtu. Akibaki peke yake nyumbani alijisemea maneno ya Tomás kwa Kiswahili, taratibu, kama yalivyopaswa kutamkwa siku ile. Hayakuwa marefu. Hata mtoto angeweza kuyasema.

Alijipa kila aina ya tumaini. Labda kweli litaangaliwa. Labda Maputo watabadilisha. Labda wakishahama, na nyumba nzuri, wanawake hawatautamani tena mwamba.

Kisha, yapata mwezi mmoja na nusu baadaye, nguzo za chuma za uzio zilianza kushushwa upande wa kusini wa ufuko. Siku hiyo Laila alienda kisimani saa saba mchana, akawakuta wanawake wanane wamesimama na ndoo tupu, wanabishana. Nadia, mwenzake wa utotoni waliyeanza naye shule, ndiye aliyekuwa akisema zaidi.

"Mimi nasema twende wilayani sasa hivi," alisema Nadia. "Mkutanoni tuliambiwa mwenye lalamiko alipeleke ndani ya siku sitini. Zikipita, mlango umefungwa. Na uzio ule unakuja moja kwa moja mbele ya mwamba."

"Wewe una haraka ya nini?" Somoe alimjibu. "Tulikwisha kujibiwa. Tukienda kulalamika sasa, tutaonekana hatuna shukrani. Laila alisema litaangaliwa, na Laila hawezi kutudanganya. Huyo hapo, muulize mwenyewe!"

Wote wakageuka. Laila alisimama na ndoo yake. Wakati wa kusema ulikuwa ndio huo, jua limesimama utosini, watu wanane tu, bila kipaza sauti.

"Subirini kidogo," alisema. Sauti ilitoka kama si yake. "Nitaulizia."

Nadia akatumbukiza ndoo yake kisimani. Somoe akawaambia wenzake, "Mnaona?"

Laila alijaza ndoo, akaiinua, akafika nusu ya njia, akaitua chini na kukaa kando yake mchangani kama mgonjwa. Mara ya kwanza alikuwa amewadanganya kwa pumzi moja, bila kufikiri. Hii ya pili aliifikiria. Na mara hii uongo wake ulikuwa ukizila siku zao.

*

Kesho yake, gari la mradi lilipompeleka ofisini Palma, alishuka njiani karibu na soko na kuingia kwenye chumba kimoja chenye kibao cha jumuiya ya kutetea ardhi za wanavijiji. Mwanasheria aliyekuwemo aliitwa Palmira, mwanamke mnene, mtulivu, aliyezaliwa Pemba. Laila alimweleza yote akiwa amesimama. Kiti alichoonyeshwa hakukikalia.

Palmira hakumkatiza. Alipomaliza akauliza, "Siku ngapi zimebaki?"

"Kumi na mbili."

"Sikiliza. Wanawake wakija hapa peke yao wakasema hawakuelezwa, mradi utatoa acta. Acta ina vidole vyao na inasema walielezwa kila kitu. Mtu mmoja tu duniani anaweza kusema acta hiyo ni ya uongo."

"Mimi."

"Wewe. Na hata wewe peke yako hutoshi. Nahitaji kila mwanamke aliyeweka kidole aseme alisikia nini siku ile. Kwa hiyo lazima kwanza ajue kilichosemwa. Waliweka vidole wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi utapita nyumba arobaini na moja." Palmira akavua miwani. "Na ujue jambo moja, dada. Ulitia sahihi kitu usichokitenda. Kazi umeshaipoteza, hilo usijidanganye. Wakitaka wanaweza kukushitaki pia. Ukirudi kwako leo ukakaa kimya, hakuna atakayejua maisha yako yote."

"Mimi nitajua," Laila alisema, na papo hapo akajichukia, kwa sababu lilisikika kama neno la mtu mwema. Akasahihisha: "Siwezi kwenda kisimani tena. Ndiyo sababu."

Palmira akampa karatasi na kidau cha wino.

*

Alianza na Nadia kwa sababu alidhani itakuwa rahisi. Nadia alisikiliza akacheka, akingoja mwisho wa mzaha. Alipoona mwisho haufiki, kicheko kikamkatikia usoni.

"Jana kisimani nimekuuliza," alisema. "Jana, Laila."

"Juzi."

"Juzi! Ukaniambia nisubiri." Akainuka, akaingia ndani. Laila alingoja kibarazani hadi kivuli cha mlango kikahama. Nadia alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliweka dole gumba lake bila kumtazama. "Toka kwangu," alisema.

Nyumba ya pili alimwagiwa maji ya kuoshea samaki. Nyumba ya tatu mama mwenyewe alimfariji, akamletea chai, na hilo lilikuwa baya kuliko yale maji. Nyumba ya saba mume alikuja mlangoni akasema mke wake hana la kuzungumza; Laila alirudi pale siku tatu mfululizo, hadi mke akatokea kwa mlango wa uani na kidole kimekwisha kunyooshwa.

Kila mlango aliusema uovu wake tangu mwanzo. Alijikataza kufupisha. Alisema: siku ile Somoe aliuliza hivi, Tomás akajibu hivi, mimi nikawaambia hivi. Kuna waliouliza kwa nini, naye alishindwa kuwapa sababu yenye uzito. "Niliogopa kuwaudhi," alisema, na alisikia jinsi neno hilo lilivyo dogo mbele ya riziki ya watu.

Bibi Nuro alimsikiliza akiwa ameshika ufagio.

"Umekuja kuniomba msamaha," aliuliza, "au umekuja kuniomba kidole?"

"Vyote viwili, bibi."

"Kidole chukua. Hicho kingine hakipo nyumbani leo." Akaweka dole gumba, akalifutia kwenye kanga, akaendelea kufagia.

Siku ya nne habari zilikwisha kuenea, na Dauto akamwita mbele ya nyumba yake. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wamekaa. Dauto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, miaka mitano ya wageni na mikutano ilikuwa imemzeesha.

"Mwanangu," alisema, "unajua acta ikifutwa mambo yote yanarudi nyuma? Nyumba hazitajengwa mwaka huu. Watu wameacha kulima wakingojea kuhama. Watakula nini?"

"Najua, baba."

"Na wanawake watapata riziki kwa waume zao, kama zamani."

"Zamani gani, baba?" Laila aliuliza, na alishangaa kusikia sauti yake haitetemeki. "Mwaka ule wa kipindupindu, wanaume walipokuwa wamelala, kijiji kizima kililishwa na mwamba. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka. Nawe ulikula, baba."

Mmoja wa wanaume akasimama, akamwita msaliti. Mwingine akasema ndiyo hasara ya kusomesha wanawake. Laila alitaka kujibu kwamba neno la msaliti ni lake kweli, ila wamekosea siku. Usaliti ulikuwa kwenye uwanja wa shule, siku walipomshangilia. Lakini nyumba zilikuwa zikimngoja. Aliaga kwa heshima, akaenda nyumba ya kumi na tisa.

Chamsudine alikuwa ameahidiwa kazi kwenye gereji ya mradi. Mkewe alipomweleza alilolikusudia, kabla ya kuanza kuzunguka, hakupiga kelele. Alikaa akigeuzageuza spana mkononi.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema. "Nisingekula yule pweza." Na kwa wiki nzima hawakuzungumza zaidi ya kupeana salamu.

*

Nyumba ya Somoe aliiacha ya mwisho. Alijiambia ni kwa sababu iko mwisho wa mtaa, jambo ambalo si kweli.

Alimkuta uani anatwanga kisamvu. Ilikuwa siku ya tisa. Somoe hakusimamisha mchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba arobaini umepita. Nilikuwa nahesabu."

"Naomba unisikilize."

"Nimekwisha kusikia kwa watu. Lakini sema. Nataka nikusikie wewe."

Laila akasema. Mchi uliendelea, du, du, du, mpaka alipofika pale aliposema "litaangaliwa", hapo ukasimama.

"Kwa nini mimi wa mwisho?"

"Niliogopa."

"Mimi ninapiga?"

"Hapana, mama. Naona haya."

Somoe akakaa kwenye kigoda. Bila msiro uso wake ulionekana umezeeka zaidi. "Nikuulize. Ulipotazama uso wangu siku ile, uliona nini? Uliona mtu atakayeanguka akiambiwa hapana? Mimi nimemzika dada yangu. Nimezika watoto wawili. Nimeambiwa hapana na bahari, na serikali, na mume aliyekwenda Mtwara asirudi. Neno moja la yule bwana ndilo lingenishinda?"

"Sikutaka uumie."

"Hukutaka *kuniona* nikiumia. Ni mambo mawili." Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana Laila hakuweza kuinua kichwa. "Swali lilikuwa langu, Laila. Na jibu lilikuwa langu, hata kama ni baya. Ningelipokea nikasimama pale pale nikamjibu. Wewe ukaninyang'anya, ukanipa peremende kama mtoto mdogo, nami nikashangilia mbele za watu. Nikaja kwako na bakuli! Kisimani nikawanyamazisha wenzangu kwa jina lako. Sasa wananiona mimi ndiye niliyewachelewesha."

Laila alilia. Somoe alimwacha alie, hakumgusa. Kisha akavuta kidau cha wino, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjika.

"Hiki ni kwa ajili ya wenzangu," alisema. Akashika mchi.

*

Karatasi zilifika kabla ya siku sitini kwisha, na kamati ya kusikiliza malalamiko ilikaa Palma wiki tatu baadaye, kwenye ukumbi wenye feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Wanawake wa Mkunguni walikuja kwa miguu na kwa lori la mkaa, wakajaza mabenchi ya nyuma. Tomás alikuwepo, pamoja na wakili wa mradi. Laila alisoma maelezo yake kwa Kireno, kisha, bila kuombwa, akayasoma tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, akiwa amewageukia wanawake.

Kabla ya kuingia Palmira alikuwa amemvuta pembeni. "Wakikuuliza nani alikushinikiza, unaweza kusema ulihofia kazi yako. Useme ulihisi mradi ulitaka hivyo. Si uongo kabisa, na itakulinda. Mashitaka yatakuwa mepesi."

Na kweli wakili aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama anayemfungulia mlango. "Senhora, nani alikuagiza ubadilishe jibu?"

 Laila alimwona Tomás amekaza taya, anatazama meza. Angeweza kumtaja, lile alilolisema garini lilitosha. Nusu ya aibu ingehamia kwake, na pengine ilikuwa haki yake kuipata nusu hiyo.

"Hakuna aliyeniagiza," alisema. "Senhor Tomás alisema kweli. Alisema wanawake hawamo. Ukatili uko kwenye karatasi zenu, hilo mtawajibu hawa waliokaa hapa. Lakini uongo ni wangu. Naomba msivichanganye, kwa sababu mkivichanganya mtashughulika na mimi mkaacha karatasi."

Wakili akaandika kitu. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza kama anajua kwamba maneno hayo yanaweza kutumiwa dhidi yake. Akasema anajua.

Acta ikafutwa. Mkutano ukarudiwa, chini ya turubai lilelile, na mkalimani mwingine, Mussa, kijana wa wafanyabiashara wenye asili ya Tanzania. Laila alikaa mikekani, nyuma kabisa. Somoe aliuliza swali lake upya, na safari hii akapata jibu lake zima, baya kama lilivyo, naye akalijibu. Nadia akalijibu. Bibi Nuro akalijibu kwa dakika ishirini, na Mussa maskini alitoka jasho kuyafikisha maneno yale kwa Kireno. Ilichukua mikutano minne. Mwisho wanawake wakaandikwa kwa majina, kazi yao ikaitwa uvuvi, na uzio ukaachwa wazi upande wa kaskazini ili siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, wapite kwenda mwambani. Na mradi uwatolee lori la kuwapeleka na kuwarudisha. Nusu ya mwamba, ile bora ya kusini, ilikwenda moja kwa moja.

Nyumba zilichelewa mwaka mzima, kama Dauto alivyosema. Masika yale njaa iligonga milango mingi, na waliogongewa walijua jina la kulitaja. Laila hakushitakiwa. Alifukuzwa kazi, na hakuna ofisi tena iliyomwita kutafsiri kitu. Nafasi ya Chamsudine gerejini alipewa mtu wa Mucojo. Siku moja mtangazaji wa redio kutoka Pemba alimpigia simu. Alisema anataka kumhoji, wasikilizaji wamesikia habari za shujaa wa Mkunguni.

"Umekosea namba," Laila alimwambia, akazima simu. 

*

Bamvua ya kwanza baada ya kuhama, lori lilikuja alfajiri kwenye kijiji kipya. Laila alipanda na ndoo na kipande cha nondo cha kuchokolea. Hakuwa na kazi nyingine, na mwamba haukuhitaji cheti. Wanawake walijisogeza kiasi cha kumwachia nafasi ya mtu mwembamba. Hakuna aliyemtukana. Waliendelea na mazungumzo yao, yakampita juu ya kichwa.

Mwambani alikuwa hajui kitu. Shule ilimtoa hapo akiwa mdogo. Alichokoa mashimo matupu, akakanyaga urumba, kidude cha baharini chenye miiba, akateleza, ndoo ikabebwa na maji akaikimbiza. Akasikia wasichana wakicheka, akaona ni haki yao. Baada ya saa nzima Bibi Nuro alimpita na kumwonyesha kwa kidevu shimo moja lenye maganda ya kombe mlangoni. "Hapo pana mwenyewe," alisema tu, akapita.

Laila akapiga magoti kwenye maji. Alihangaika na pweza aliyekuwemo kwa muda mrefu, akang'ang'aniwa mkono hadi kiwikoni, akampoteza, akamshika tena. Hakusikia wenzake wakikusanya vitu. Hakuona kwamba maji yalikwisha kuzunguka nyuma yake, yanafunika njia.

"We! Maji yanarudi!"

Ilikuwa sauti ya Somoe, kutoka ng'ambo ya dimbwi. Karibu mwaka mmoja na nusu ilikuwa haijaelekezwa kwake. Haikutaja jina, wala haikuwa na upole ndani yake; ni sauti ambayo mtu angempigia hata mgeni asiyeijua bahari. Laila akainuka na pweza wake mdogo, akavuka maji yakiwa kifuani. Somoe alikuwa amesimama kungoja, si mbali. Alipoona mwenzake amefika penye mchanga alimtazama mara moja, uso kwa uso, kisha akageuka kuelekea lori.

Laila hakujua kama huo ulikuwa msamaha. Alitamani sana kuuliza. Akafunga kanga iliyolowa, akamfuata nyuma, akiacha hatua kadhaa kati yao.